Fundi wa Ndandalo aliyekataa kufunga intakula

Saa moja kasoro asubuhi, Aliko Mwasomola amepiga magoti mbele ya pikapu nyeupe, tochi ya simu mkononi, anachungulia ndani ya shoo, ule uso wa gari wenye matundu ya kupitisha upepo. Pembeni yake, juu ya gunia safi, imelazwa intakula kubwa ya mtumba, inang'aa. Mwenye gari, Mwasiti Shabani, amesimama mikono kiunoni na hana habari na tochi. Anachotaka ni chuma chake kifungwe, basi.

Intakula ni kile chuma chenye mapezi kinachofanana na rejeta. Kazi yake ni kupooza hewa ya moto inayotoka kwenye taabo, pampu inayosukuma hewa, kabla haijaingia kwenye injini. Hewa ikipoa, dizeli inaungua vizuri na gari linapata nguvu. Mwasiti aliambiwa kwamba kubwa ndiyo dawa, akaagiza kubwa.

Haraka yake ina sababu. Kila Ijumaa hununua samaki Lyulilo, sokoni kando ya Ziwa Nyasa, huwapanga kwenye barafu na kuwapeleka Mbeya. Wiki ya tatu sasa, gari linaishiwa pumzi kwenye mlima wa Tukuyu na kutambaa kwa gia ya kwanza likitema moshi mweusi. Ijumaa iliyopita lilifika barafu yote ikiwa maji, samaki wake wa mbasa wamelegea. Mteja wake mkubwa, mwenye hoteli, alimwambia ikitokea tena atatafuta mtu mwingine. Na leo ni Alhamisi.

“Gari hili ndilo linalosomesha wanangu wanne tangu baba yao afariki,” anasema Mwasiti. “Mteja yule akiniacha, sina pengine pa kushika.”

Gereji ya Aliko ni mabati manane juu ya nguzo, kando ya barabara ya Ndandalo, wilayani Kyela. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akiwa na grisi kucha zote. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu arobaini. Masika, maji yakishatawala barabara za mashamba ya mpunga, hurudi na njaa yake. Kufunga intakula ile kungempa laki mbili na nusu kwa siku moja. Mwingine angeshashika spana zamani, tena kwa mikono miwili.

Lakini Aliko hashiki spana kabla ya mlima. Huo ndio utaratibu wake, na wateja wenye haraka huuchukia. Hupakia magunia ya mchanga yenye uzito sawa na mzigo wa mwenye gari, huliendesha mpaka linapoanza kulalamika, kisha husimama, hufungua boneti na kugusa mabomba kwa mgongo wa kiganja. Jana alikwenda hivyo na Mwasiti. Bomba linaloingia kwenye intakula lilichoma. Linalotoka nalo lilichoma, karibu sawasawa. Kwa Mwasiti kesi ikawa imekwisha: ndogo iliyomo imeshindwa, ifungwe kubwa.

Aliko alimchambulia taratibu, bila kumficha uzuri wa ile kubwa. Kubwa inapooza zaidi, na kwenye mlima mrefu wenye mzigo nguvu haishuki ovyo. Ila hewa inazunguka njia ndefu, kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari linafikiri kwanza ndipo liitike. Bampa lazima likatwe. Chuma kitaning'inia chini, na tope la barabara ya Matema halina simile. Halafu kinaifunika rejeta. Hapo sauti yake ilishuka.

Miaka tisa iliyopita alimfungia kubwa kama hiyo Yohana, mkulima wa kokoa, kwa sifa tu ya kuwa fundi wa kwanza Kyela kufanya hivyo. Rejeta ikakosa upepo, injini ikachemka mlimani na kupasuka kichwa. Yohana hakumtukana, na ndicho kinachomuuma mpaka leo.

Sasa tochi inatulia mahali pamoja.

“Dada Mwasiti, njoo uone,” anasema.

Nyuma ya shoo, mbele ya intakula ya zamani, kuna chandarua. Nyuma ya hicho kuna kingine, na kingine tena. Msimu kungu wanapopanda kutoka ziwani kama moshi, madereva wa huku hufunga kipande cha chandarua ili wadudu hao wasizibe mapezi. Kila msimu dereva wa Mwasiti alifunga kipya na kukisahau cha zamani. Wadudu wamekauka humo na kushikana, mkate mtupu. Upepo haupiti hata wa kuzimia kibatari.

Mwasiti anacheka kwa uchungu, anamtaja dereva kwa jina baya. Aliko hacheki.

“Usimlaumu kijana,” anasema. “Ujanja wa chandarua nimewafundisha mimi, miaka ile. Nikawafundisha kufunga. Kufungua sikusema.”

Maskini, angeweza kunyamaza. Nani angejua? Anakata vyandarua vyote, anasugua mapezi kwa brashi na maji ya sabuni mpaka saa sita, na hataki hata senti. Mwasiti bado ana wasiwasi: je, kesho likigoma?

“Likigoma, kubwa nitaifunga bure. Na samaki nitawalipa mimi.”

Neema, mkewe, anayekaanga vitumbua hatua chache kutoka hapo, amesikia. Anajua fedha ya kulipa samaki wote wale haipo nyumbani kwao.

Ijumaa Aliko hagusi gari lolote mpaka saa nne. Simu imelala juu ya kisanduku cha vifaa, naye anafuta spana ileile mara ya tano. Inapoita, anaiacha iite mara mbili ndipo apokee.

“Fundi, nimeshapita Tukuyu,” ni Mwasiti. “Gia ya tatu. Barafu bado mawe. Ndaga fijo, asante sana, kaka yangu.”

Aliko anakaa chini, palepale kwenye mchanga wenye mafuta. Neema anamletea vitumbua viwili ambavyo hakuviomba.

Intakula kubwa sasa inaning'inia ukutani kwenye gereji. Mwasiti amemwachia mpaka apatikane mnunuzi mwenye mlima mkubwa zaidi. Aliko anaitumia kufundishia. Anataka, kungu wa mwaka huu wakishapita, awaite madereva wote wa Lyulilo na Matema Jumamosi moja, bure, walete magari yao na mkasi. Akijaliwa atajenga na shimo la kukagulia, apumzishe magoti.

Anapomweleza mkewe hilo, gari dogo la abiria linaingia gerejini likikohoa. Dereva, mzee wa makamo, anashuka na kunyoosha mkono kwa ile salamu ndefu ya Wanyakyusa inayouliza mpaka hali ya ng'ombe. Aliko hauoni mkono. Ameshapiga magoti mbele ya shoo.

“Chandarua chako,” anauliza, “ulikifungua lini?”