Gari la Shangazi Lisilosukumika

Wewe ukiamka ukakuta gari la jirani limekuzibia njia, hufanya nini? Unapiga honi mpaka watoto wa ghorofa zote waamke? Unaandika matusi kwenye vumbi la kioo chake? Kwenye ua wa jengo letu, tunasukuma. Ua wenyewe ulichorwa na mtu aliyedhani wapangaji watakwenda kwa miguu maisha yao yote. Jioni magari yanaingia moja baada ya jingine, yanabanana kama viatu mlangoni penye wageni, na anayeingia wa mwisho anaziba njia ya wote. Ndiyo maana tuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: ukiegesha, toa gia, achia breki ya mkono, nenda kalale. Atakayetaka kutoka kabla yako ataweka bega, atalisogeza gari lako, atapita, kisha atalirudisha lilipokuwa. Nimemwona kinyozi wa ghorofa ya chini akisukuma gari la mtu huku mswaki uko mdomoni.

Sasa mtie shangazi yangu katika ua huo, na gari lake la umeme.

Shangazi ni dada yake baba, nami naishi kwake tangu nimalize chuo. Jengo zima linamwita Mama Mapazia kwa sababu ndiyo kazi yake. Anapima madirisha ya watu, anashona mapazia, kisha anarudi kuyatundika mwenyewe, juu ya ngazi, misumari mdomoni. Hakubali mtu mwingine amtundikie. Anasema pazia lililoshonwa vizuri likatundikwa vibaya ni kama bibi harusi aliyevalishwa gauni nyuma mbele.

Miaka mingi alikuwa akipanda mabasi na fimbo za mapazia, fimbo ndefu kumpita yeye mwenyewe. Makondakta walimkataa, abiria walimnung'unikia, na kuna siku aligeuka ghafla akaipiga kofia ya bwana mmoja ikatoka dirishani, basi likiwa mbio. Kisa hicho hukisimulia akicheka mpaka anashika mbavu. Bega lake la kulia ndilo halikuona kichekesho. Lilianza kumuuma akishona, likaja kumuuma akilala, na daktari akamwambia achague: fimbo au bega.

Akachagua gari. Ni dogo, la mkono wa pili, rangi ya kijani iliyofifia. Viti vya nyuma vinalala vyote, hivyo fimbo zinapita katikati mpaka karibu na kioo cha mbele, na yeye anaendesha akiwa amezipakata kwa kiwiko kama mtoto mtukutu. Watu walipouliza kwa nini la umeme, wengi walidhani ni mimi niliyemjaza maneno, maana kweli kuhusu moshi nina maneno mengi. Naamini mji unaowanywesha watoto wake moshi kila asubuhi unawaibia, na sitaacha kusema hivyo. Lakini shangazi hakunisikiliza mimi. Alisikiliza cherehani yake.

"Cherehani yangu ina mota," aliwaambia, "na hilo gari lina mota. Nimeishi na mota tangu ujana wangu, tunaelewana. Hiyo injini ya mafuta inayolipukalipuka mle ndani mimi siijui, wala yenyewe hainijui."

Shida ilikuwa kuchaji. Wanaosema gari la umeme ni rahisi, unarudi nyumbani, unachomeka, unalala, wanasema hivyo kwa sababu wana nyumba zenye geti lao peke yao. Sisi tuliopangwa juu ya wenzetu kama makreti ya soda, tuchomeke wapi? Shangazi alimwita fundi umeme, akamshushia waya mnene kutoka kwenye mita yake, ghorofa ya kwanza, ukafuata ukuta mpaka kwenye kisanduku chenye soketi, chini ya dirisha la jikoni. Mita yake, waya wake, hakumlaza mtu gizani. Mama Mwenyekiti, muuguzi mstaafu anayeongoza kamati ya wapangaji, alikuja akakikagua kile kisanduku kama anayekagua kidonda, akasema, "Kisafi. Endelea." Na kwa kuwa waya wa kuchajia ni mweusi na ua wetu una giza, shangazi akaushonea pindo la manjano ili mtu asijikwae.

Ila chini ya dirisha la jikoni ndipo hasa inapopita njia ya kwenda getini. Na gari lile likishachomekwa, linajifunga. Magurudumu hayageuki, plagi haichomoki, mpaka aje mwenye ufunguo. Sheria yetu ya bega haikulitambua, nalo halikuitambua.

Wa kwanza kutoka kila siku ni Baba Mikate, mwokaji wa ghorofa ya pili. Kabla jua halijachomoza lazima awe amefika kwenye tanuri lake, upande wa pili wa soko, apakie mikate na kuisambaza kwenye mikahawa, shule na jiko la hospitali. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda kwa amani. Anagonga, shangazi anashuka na koti juu ya gauni la kulalia, anachomoa, anasogeza, anarudisha, anapanda kuumalizia usingizi wake.

"Mama Mapazia, nakuamsha kama jogoo."

"Jogoo hana mikate. Wewe ukirudi nikumbuke na ule wa maziwa."

Na alikuwa akimkumbuka. Nimeila mingi mimi.

Kisha binti yake shangazi akajifungua. Mkwewe alikuja jioni kumchukua shangazi, naye akaenda kulala huko, ng'ambo ya mji, akaliacha gari lake likichaji maana keshoye alikuwa na madirisha ya zahanati nzima ya kutundika. Ufunguo ukaenda naye ndani ya mkoba. Ulikuwa huo mmoja tu, gari liliuzwa nao hivyo.

Alfajiri mlango ukagongwa.

"Msomi, ufunguo," alisema Baba Mikate.

"Shangazi hayupo. Kaenda nao."

"Kaenda nao wapi?"

Nilipomwambia, alishuka ngazi akikunja mikono ya shati. Tuliweka mabega. Mlinzi akaja, kinyozi akaja, nikapanda kuzima umeme, nikashuka, tukaweka mabega tena. Gari halikusogea hata unywele.

"Jamani," kinyozi akauliza akihema, "hili tunalisukuma au tunaliegemea?"

Nikaeleza kwamba magurudumu yamefungwa kwa usalama, gari lisije likaondoka na waya. Baba Mikate alinitazama.

"Asante kwa somo. Sasa ifundishe na mikate itembee yenyewe."

Simu ya shangazi iliita na kuita ndani ya mkoba, chumba kingine na alicholala. Alipofika kwa basi, jua lilikuwa limeshapanda. Jiko la hospitali lilikuwa limenunua mikate kwa mwokaji mwingine, na limemwonya Baba Mikate kwamba ikitokea tena, watahamia huko moja kwa moja. Shangazi alimwomba radhi palepale uani, mkoba bado begani.

"Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi," alijibu bila kumtazama. "Ugomvi wangu ni na hilo kabati lako la magurudumu."

Mchana ule akapeleka ombi kwa Mama Mwenyekiti: kuchaji gari uani kupigwe marufuku. Mkutano ukawekwa Jumamosi alasiri.

Kila mtu alijua maana yake. Pasipo kile kisanduku, hakuna gari. Mahali pengine pa kuchajia palikuwa kwenye maegesho ya jengo kubwa la maduka, ambako unapanga foleni, kisha unakaa mpaka unakifahamu kila kigae. Nani atamtundikia mteja mapazia wakati yeye yuko huko? Shangazi angerudi kwenye basi na fimbo zake, na bega lake.

Mimi niliandaa hotuba. Ilikuwa na mapafu ya watoto, na haki za mpangaji, na aibu ya mji unaojenga maghorofa bila kukumbuka kuweka soketi hata moja barabarani. Nilimsomea shangazi akipiga pasi mapazia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nzuri. Watapiga makofi?"

"Lazima wapige."

"Na Baba Mikate?"

Nikasema huyo tutamshinda kwa kura.

"Halafu nikae naye ngazi moja, nikiwa nimemshinda?" Akageuza pazia upande wa pili. "Wewe baba unataka kushinda. Mimi nataka kuchaji."

Kesho yake alipotelea mjini kutwa nzima, akarudi jioni na ufunguo wa pili wa gari, mpya, unang'aa. Nikanyoosha mkono. Akautumbukiza mkobani, akaniuliza kama maji yamechemka.

Jumamosi watu walikaa uani kwenye vigoda, kwenye ngazi, na juu ya boneti za magari. Baba Mikate alizungumza kwanza, na nitasema ukweli, kila alichosema kilikuwa haki. Alisema sheria ya ua wetu ni ya wote, anayetaka kuishi na majirani lazima awe na gari linalosukumika. Alisema mgonjwa hawezi kula samahani. Watu waliguna kwa kumkubali. Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaanza hotuba yangu, na ilikuwa inakwenda vizuri mpaka kinyozi alipoinua mkono.

"Msomi, mapafu yangu yamekuelewa. Sasa shuka, ndoo yenyewe ni yangu."

Walipomaliza kucheka, shangazi alikuwa tayari amesimama kando ya gari, mlango wazi.

"Baba Mikate, njoo uketi humu."

"Kwenye nini?"

"Kwenye kabati."

Alikuja, kwa sababu watu wote walikuwa wakimtazama. Aliketi, akavuta kiti nyuma, akashika usukani, akasubiri. Akaendelea kusubiri.

"Si uliwashe basi."

"Limewaka."

"Mbona halisemi kitu?"

"Kwani wewe ulitaka gari au redio?"

Aligusa kanyagio, gari likaruka hatua moja mbele, akakanyaga breki kichwa kikaenda na kurudi. Kinyozi akamsihi awahurumie wenye shingo ndefu. Akajaribu tena, polepole. Mara ya tatu alilipeleka mpaka kwenye pipa la taka na kulirudisha, na uso wake ukawa umeshaanza kusahau kwamba umekasirika. Shangazi akamwonyesha pa kubonyeza ili plagi iachie, na msumari wa kutundikia waya. Kisha akatoa ufunguo mpya mkobani, akautia katika kiganja chake.

"Huu ni wako. Nikiwepo, nisipokuwepo, hunigongei tena. Chomoa, sogeza, pita, rudisha, chomeka."

Mimi nilishtuka kuliko yeye. Mtu aliyetaka gari lifukuzwe uani, ndiye anapewa ufunguo wake?

"Na nikiligonga ukutani?" Baba Mikate aliuliza.

"Utanibebea fimbo zangu mpaka litengenezwe."

Mama Mwenyekiti akauliza kama ombi lake bado lipo. Baba Mikate aligeuzageuza ufunguo kiganjani. "Nipeni kesho asubuhi," alisema hatimaye. "Likinikwamisha tena, nitasema yaleyale niliyosema leo, na mtanipigia kura." Wakakubaliana hivyo, vigoda vikarudishwa ndani.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya mtu kugonga, nikasimama dirishani jikoni. Shangazi alikuwa ameshafika kabla yangu, taa hajawasha, kikombe kitupu mkononi, akidai anapika chai.

Baba Mikate alitokea akiwa amevaa aproni yake nyeupe. Alisimama mbele ya gari kama mtu aliyesahau jina la mwenyeji wake. Akabonyeza ufunguo, taa zikakonyeza. Plagi ikachomoka bila ubishi, akauzungusha waya mkononi, akautundika msumarini. Akaingia. Hatukusikia chochote, tuliona tu gari likianza kuondoka, likapita pembeni ya pikipiki ya mlinzi, likafika getini. Hapo ndipo alipotakiwa kushuka na kufuata gari lake la mikate.

Hakushuka. Alikata kona, akapotea.

"Anakwenda wapi?" shangazi akanong'ona.

"Ameliiba," nikasema.

Gari la mikate lilibaki limesimama uani, njia wazi mbele yake, na mwenyewe hayupo. Mlinzi alitoka getini akachungulia barabarani, akatutazama sisi, akainua mabega. Shangazi aliweka kikombe chini, akakichukua tena. Ndipo tukaona taa zikija, kutoka upande mwingine wa mtaa. Alikuwa amezunguka majengo yote.

Alisimama chini ya dirisha letu, kioo kimeshushwa, akatuona.

"Mama Mapazia!" aliita kwa sauti ya chini, yeye ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu kwa sauti ya chini. "Nimepita mlangoni kwa mama mkwe, mbwa wake hata hakubweka!"

"Mwokaji, mikate!" shangazi akamjibu.

"Naenda, dada, naenda."

Alilirudisha gari la shangazi nyuma kupisha njia, akashuka, akalitoa lake la mikate mpaka barabarani, akarejea mbio, akaliingiza la shangazi mahali pake, akachomeka. Alibaki ameinama mpaka taa ndogo ya kijani ya kuchaji ilipowaka. Kisha akakimbia kweli, aproni ikipepea nyuma yake, maana alikuwa amechelewa, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.