Kibuyu cha Maharage Mlangoni

Jioni nilikuwa nakaguliwa mtoto. Sina namna ya kulisema kwa adabu zaidi ya hiyo. Duka likikaribia kufungwa, wateja wa mwisho wakiwa bado wanafunga mizigo yao, mwenye duka alikuja kusimama mlangoni. Nilifungua mbeleko, nikamketisha binti yangu juu ya meza, na yeye akaishika ile mbeleko kwa ncha mbili akaikung'uta kama mkeka wenye mchanga. Alikuwa anatafuta sukari. Hakuipata hata siku moja. Akishamaliza ananiambia, "Haya mama, nenda salama."

Salama gani?

Nilikuwa nimetoka Liuli, kule Ziwa Nyasa, cheti changu cha kidato cha nne nimekifunga kwenye nailoni kisilowe. Mume wangu alikuwa amekwenda Tunduru kuchimba mawe ya thamani na akasahau njia ya kurudi. Nilipoamua kupanda Mbinga kutafuta kazi, mama mkwe wangu aliniambia mbele ya watu, tumetoka kanisani, bado ameshika kitabu cha nyimbo: "Nenda. Lakini siku utakayorudi na jina baya, mjukuu wangu anabaki hapa, na wewe utajua pa kwenda." Hakupaza sauti. Hakuna aliyempinga. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kwa nini nilivumilia kukung'utwa kila jioni kama gunia, jibu ni hilo. Kufukuzwa kazi ningeweza. Kufukuzwa kwa wizi, hapana. Habari za Mbinga zilikuwa zinafika ziwani na lori la kwanza linaloshuka kufuata samaki.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za duka la ushirika, sukari ikitoka kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, tuliona maajabu: sabuni za rangi, biskuti, mafuta ya kujipaka yanayonukia sijui maua gani. Mwenye duka wetu, mzee ambaye baba yake alitoka Kilwa, alisafiri Dar es Salaam akaona maduka ambayo mteja anajichukulia vitu mwenyewe. Alirudi akang'oa wavu wa kaunta. Ukutani akaandikisha kwa rangi nyekundu: JIPIMIE MWENYEWE.

Ila vitu vyetu havikuja kwenye pakiti. Vilikuja kwenye magunia. Kwa hiyo mteja aliingia, akachota sukari au mchele kwa kopo, akapima mwenyewe kwenye mzani, akatia kwenye mfuko, akafunga kwa kamba na kupiga mafundo: fundo moja ni robo, mawili ni nusu, manne ni kilo nzima. Akifika mezani analipia mafundo. Hakuna tena wa kumpimia. Kazi yangu ilikuwa kukata kamba, kufagia, na kusimama mlangoni kusema karibu tena. Unaamka na ukungu wa Mbinga, unachota maji yanayouma vidole, unamfunga mtoto mgongoni, na hukai chini mpaka jua linazama. Nikilala, miguu ilikuwa inaendelea kusimama.

Msimu wa kahawa watu walishuka kutoka Litembo kuja kushangaa tu. Mtu mzima anachota, anamwaga, anachota tena, anacheka peke yake mbele ya mzani. Hata mimi nilicheka. Halafu magunia yakaanza kuisha kabla hela yake haijatimia. Kila gunia. Na wa kwanza kutazamwa alikuwa nani? Mwenye mbeleko.

Mbeleko ilipokosa sukari, mzee akapata dawa nyingine. "Kagua watu wa ziwani," aliniambia. "Wale wenye matenga ya dagaa wa usipa. Na akina mama wenye khanga kubwa kubwa."

"Mzee, mimi mwenyewe ni mtu wa ziwani."

"Ndiyo maana. Unawajua."

Nikawakagua. Siku moja nilimsimamisha mama mmoja mwenye tenga, aliyeleta usipa sokoni, mtu wa kijiji jirani na kwetu. Nikarudisha mfuko wake kwenye mzani, ukazidi kidogo. Mzee akapiga meza kofi. "Si nilisema!" Yule mama akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Umepanda milimani juzi tu," alisema kwa Kinyasa, ili wengine wasielewe, "umeshaajiriwa upolisi?" Niliogopa jinsi atakavyonisimulia akifika nyumbani.

Ndipo akaja mpwa wa mzee. Kijana aliyetoka chuo cha uhasibu, miwani mikubwa, shati limechomekewa vizuri. Alikaa karibu na meza akitazama tu, mpaka nikamchukia na yeye. Kisha siku moja, mimi nimemsimamisha mama mwingine wa ziwani, akasema, "Mjomba, ukikagua watu wa ziwani peke yao, utapata wezi wa ziwani peke yao. Hao wanaopita na viatu vya ngozi utawajuaje?"

"Wale ni watu wa heshima."

"Basi acha bahati ichague. Heshima tutaipima pia."

Alichukua kibuyu, akakijaza maharage mekundu, akachanganya na meupe machache, akanikabidhi. Kila mteja, awe nani, atie mkono bila kuchungulia na kutoa harage moja. Likiwa jekundu, pita. Likiwa jeupe, mfuko wako unarudi kwenye mzani. Kinachozidi mafundo kinamiminwa kwenye kikombe cha kahawa, na kikombe kinapangwa dirishani. Majina hakuyataka. "Sitafuti nani," alisema. "Natafuta kiasi gani."

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu.

"Jamani, mwavi umerudi!" alipiga kelele dereva wa lori la kahawa, mkono ukiwa ndani ya kibuyu. Wazee wetu walikuwa wanawanywesha watuhumiwa dawa ya mwavi. Asiye na hatia alitapika, mwenye hatia alikufa. "Mama, nikitoa jeupe nakufa hapa hapa?"

"Unakufa kwa aibu," nilimjibu.

Akatoa jeupe. Watu wakaangua kicheko. Sukari yake ikazidi, kikombe kikawekwa.

Akaja sista wa misheni. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina, sista. Samahani, tia mkono." Jeupe. Mzee alinipungia mkono nimwachie, mpwa wake akatikisa kichwa. Nikapima mchele wa sista, ukazidi. Sista akaangalia dari. Akaja mwalimu wa sekondari, akanihubiria uaminifu wakati anapapasa maharage, akatoa jeupe, na wake ukazidi. Akasema mzani mbovu. Aliyekuwa na kilo yake kamili ni bwana mmoja wa benki, mgeni, mtu ambaye kwa kumtazama tu hajawahi kununua kitu sokoni maisha yake. Alitoka akijisifu.

Tuliendelea hivyo siku nyingi. Nilichoka mpaka macho yanawasha. Lakini vikombe vilijipanga dirishani kama wanafunzi mstarini, na vyote vilikuwa vimejaa karibu sawa. Cha sista, cha dereva, cha mwalimu, cha mama wa tenga: usingejua kipi cha nani. Mpwa wa mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Mjomba, mwizi hana kipimo," alisema. "Mmoja angebeba kilo, mwingine asingebeba kitu. Hawa wote wamezidisha konzi moja. Nani amewafundisha?"

Hakuna aliyejua. Mimi nimekulia sokoni na sikujua.

Jibu lilikuja na bibi mmoja wa Litembo, kikapu kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mtoto hajambo? Mbona umemfunika kidogo hivyo na baridi hii?"

Alitoa jeupe. Nikapima sukari yake, nikaanza kumimina iliyozidi kwenye kikombe. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Unafanya nini?"

"Imezidi, bibi."

"Najua imezidi. Hiyo ni nyongeza yangu."

Mzee akatoka nyuma ya meza. "Nyongeza gani?"

"Nyongeza! Mimi nikikuuzia maharage yangu, debe likishajaa, sikuongezi? Nani sokoni anauza bila nyongeza, kama si mchawi? Nimejaza kilo yangu. Nikasimama nisubiri uniongeze. Wewe uko kule. Huyu anafagia. Nikasema basi, watu wa mjini wana kazi nyingi, nikajiongeza. Konzi moja. Sikuchukua mbili. Mimi si mwizi."

"Nyongeza inatolewa na mwenye mali, bibi!"

"Mwenye mali si ndiye ameandika nijipimie mwenyewe?"

Nyuma, mtu akasema, "Hata mimi nilijiongeza tu." Mwingine naye akaitikia. Mpwa wa mzee aliketi juu ya gunia la chumvi akacheka mpaka akakohoa. Wanawake wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Sukari yote ile, iliyotafutwa mgongoni mwangu na kwenye khanga za mama zangu, ilikuwa inatoka mchana kweupe, konzi kwa konzi, mikononi mwa kila mtu, nami nikiwaambia karibu tena. Hasira ilinipanda mpaka mtoto akaamka.

"Sema basi, mzee," nilimwambia mbele ya wote. "Sema haikuwa mimi."

"Tutazungumza baadaye, mama."

Hatukuzungumza. Mpwa wake akachonga kijiko kidogo cha mti, akakitundika mlangoni karibu nami. Ikawa hivi: mteja anajipimia ndani, anapiga mafundo kabla ya kuja mezani, na akifika mlangoni mimi namwongezea kijiko kimoja mbele ya macho yake, ahsante ya duka, gharama yake imeshaingizwa kwenye bei. Mtu akijua ataongezwa, hajiongezi. Kibuyu hakikuondolewa, maana wezi wa kweli nao wapo, lakini vikombe vya dirishani vikaanza kubaki vitupu na magunia yakaanza kudumu. Yule mama wa tenga aliyeniita polisi alipopita nilimwongezea kijiko chake. Alikipokea bila kunitazama.

Na jioni mzee akaja kusimama pale pale mlangoni, mikono mbele, anasubiri mbeleko.

Mazoea. Sidhani kama hata alifikiri. Nilichukua kibuyu nikakiweka mikononi mwake. "Na mimi bahati inichague," nilisema. "Kama wote." Nikatia mkono, nikatoa jekundu, nikapita na mwanangu mgongoni bila kufunguliwa. Jioni zilizofuata hivyo hivyo. Mekundu ni mengi. Ila nilijua kukosa kukaguliwa si kusafishwa. Kule ziwani habari iliyokwenda ni kwamba nakung'utwa. Kwamba nimeacha kukung'utwa, nani angepeleka?

Siku nilipotoa jeupe, mvua ilikuwa inanyesha na duka limejaa waliojikinga. Bibi wa Litembo alikuwepo. Mama wa tenga alikuwepo, amekalia tenga lake tupu, mfuko wa sukari mkononi, anasubiri lori la kushuka. Mzee akaliona lile harage kwenye kiganja changu, akakohoa.

"Nenda tu, mama. Nenda salama."

"Hapana. Sista alikaguliwa. Nikague."

"Mama, watu wanatazama."

"Walikuwa wanatazama siku zote."

Nikamketisha mtoto mezani. Mzee akaishika mbeleko kwa ncha, akaikung'uta polepole, hakuna kilichodondoka. Kisha sijui ni kiherehere gani kilimwingia, labda kutaka kumaliza haraka, akapitisha mkono chini ya mtoto kuhakikisha. Winda lilikuwa limelowa chapachapa. Akautoa mkono ukichuruzika.

"Haya," alisema bibi, "na wewe umepata nyongeza yako."

Paa la bati na mvua yake havikusikika kwa kicheko. Mzee mwenyewe alicheka, akijifuta kwa leso, akajifuta tena. Kisha akaacha kucheka. Akawageukia watu, si mimi, akasema kwa sauti ya mtu anayejitoa mwiba: "Huyu binti hajaniibia kitu. Tangu aje. Wote mmesikia."

Neno hilo nililingoja muda mrefu, kitandani nilikuwa nimeshapanga nitakavyomjibu siku atakayolisema, maneno makali, ya kusomea. Lilipokuja nilikuwa nimechoka tu. Nilitafuta winda kavu, nikambadilisha mtoto pale pale mezani kwake, nikamfunga mgongoni.

Lori lilipopiga honi, mama wa tenga alisimama. Alipofika mlangoni nilichovya kijiko kwenye sukari, nikamwongezea.

"Mama," nilimwambia kwa Kinyasa, "ukifika nyumbani, simulia na hii."

Akanitazama, mara hii usoni. "Nitasimulia," alisema. "Nitampitia na mama mkwe wako. Ila naanza na mkojo."