Mazishi Niliyoyatazama Kutoka Barabarani

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilirudi Malaba kutoka ng'ambo nikiwa na figo ya kaka yangu mwilini. Yeye alirudi kwake Marachi akalima kama kawaida. Mimi nikawa mtu wa kukaa peke yangu.

Daktari alikuwa amenieleza bila kupamba maneno. Ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, dawa huwalaza askari wa mwili. Askari wakilala, hata ugonjwa wa watoto huingia bila hodi. Akataja surua, akataja tetekuwanga. Hiyo tetekuwanga, alisema, inaweza kuniua.

Nilikuwa fundi wa cherehani. Niliweka benchi mlangoni, mteja asivuke, nikawa namrushia utepe ajipime mwenyewe. Wanaume walivuta tumbo ndani, na mwaka ule nilishona suruali nyingi za kubana. Sikumpa mtu mkono. Watu wakasema kupanda ndege kumenitia maringo, nami kwa hasira zangu sikuwaeleza kitu. Afadhali maringo kuliko huruma. Lakini jioni nilikula ugali nikitazama ukuta, na upweke uliniuma kuliko mshono wa operesheni.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu. Kaka alikuja na baiskeli, binti yake wa miaka sita amekaa nyuma. Mtoto akishuka tu alinirukia mapajani. Sikuguswa na mwingine wiki nzima.

Kisha trela likamgonga kaka barabarani. Binamu aliyeleta habari alisimama nje ya benchi akilia. Nilipouliza habari za watoto, akasema, "Wako na tetekuwanga wote. Lakini hiyo si kitu, dada. Inaisha tu."

Kwetu kaka hazikwi bila dada yake kumtilia udongo kwa mkono. Nilienda, nikasimama barabarani, mbali na ua, nikiwasikia wakiimba. Mzee mmoja wa ukoo akanijia, kofia mkononi.

"Umebeba nyama ya ndugu yako ndani," akasema, "na unaogopa watoto yake?"

Swali lilelile nilikuwa nimejiuliza njia nzima.

Hapo binti wa kaka akaniona. Akatoka mbio penye watu, uso umejaa vipele vibichi, mikono imefunguka kama Jumamosi.

"Senge!" aliniita, ndivyo watoto wetu wanavyomwita shangazi. "Senge!"

"Simama hapo hapo!" nilipiga kelele. "Usinikaribie!"

Akasimama. Waombolezaji waligeuka kututazama. Mtoto alitazama viganja vyake, kwanza kimoja, halafu kingine, kisha akavificha mgongoni. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake asingependa figo ile ife pamoja naye, lakini mtoto wa miaka sita utamwambiaje jambo hilo kwa kupiga kelele? Nikageuka nikaenda zangu. Udongo ulitiwa na wengine.

Sikuugua. Figo ya kaka imenifanyia kazi hadi leo, wala haijawahi kunilaumu.

Yule mtoto sasa ana watoto wake. Nilimweleza yote alipokua, akaelewa, hata akacheka habari za suruali za kubana. Huniletea mayai. Benchi niliiondoa zamani, lakini akifika mlangoni huweka mayai chini, husimama hatua chache kutoka kwangu, mikono mgongoni, akingoja nimwite.