Mataruma Matano

Niliporudi Kibuyuni, baada ya kuzunguka kwa miaka ambayo sipendi kuihesabu, nilimkuta dada yangu akibeba mwani kichwani. Maji yakipwa huenda shambani kwake baharini kwa miguu. Yakianza kujaa hurudi, gunia likimtiririkia mgongoni. Mashua aliyotuachia baba ilikuwa juu mchangani, imeegemezwa magogo. Mbao zake za nje zilikuwa nzima, lakini mataruma matano ya katikati yalikuwa yameoza. Mataruma ndiyo mbavu za chombo. Zikilegea hizo, mashua ni kapu tu.

"Usijali," nilimwambia. "Nitaitengeneza."

"Kwa mkono gani, kaka?"

"Mkono wa mjomba. Miti nitaleta mimi."

"Haya, lete." Alisema hivyo akilikamua gunia, hata hakuniangalia.

Mjomba wetu ni fundi wa vyombo, ana goti bovu na hasira za karibu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari amekwisha kuanza kugonga mbavu kwa kisigino cha tezo, kishoka chake cha kuchongea. Akang'oa zile mbovu, akazipanga mchangani. Zilikuwa zimepinda kama kiwiko cha mtu anayeinua bakuli.

"Nataka tano kama hizi," alisema. "Na si za kukatwa zikapinda. Ziwe zimepinda zenyewe mtini."

"Naelewa, mjomba."

"Unaelewa nini? Sema."

"Uzi wa mti ufuate kota, upinde pale mti unapopinda."

"Haya. Shule ilikusaidia."

Shule haikunifundisha hilo. Shuleni tulisoma kwamba majahazi yalikuja pwani hii kutoka Uarabuni kuchukua boriti za mikoko, kwa sababu kwao miti ya kujengea ni haba. Boriti zilizonyooka zikapakiwa zikaenda kuezeka nyumba za watu wa mbali. Iliyopinda ilibaki kwetu, na kwa hiyo iliyopinda tukaunda vyombo. Hili la pili halikuwa kitabuni. Lilikuwa shambani kwa baba.

Baba alikuwa na mitondoo nyuma ya nyumba, karibu na ufuo. Tawi likiwa changa alilifunga kamba ya makumbi, akaning'iniza jiwe, akaliacha likue likiwa limeinama. Hakuwa na haraka nalo. Watu wengi wa umri wake walifanya hivyo: mtu alifuga tawi kama anavyofuga mbuzi, ila faida aliijua kuwa ya mwanawe.

Baba alipofariki, mimi nilikuwa Samburu, ule mji wa barabara kuu, nikipakua malori ya mbao kutoka bara. Pale nilijifunza kwamba mbao nzuri ni ile iliyonyooka. Iliyopinda inatupwa kando, inauzwa kuni. Nilikaa pale hadi jicho langu likazoea. Basi nilipokuja nyumbani kwa majuma mawili, nikaona shamba limejaa miti iliyojikunja na mawe yaning'iniayo, nikaona uchafu. Nikamwita mchoma chokaa. Akaikata yote, akaitia kwenye tanuri lake pamoja na matumbawe. Mvinje mmoja ulionyooka niliuacha kwa heshima. Dada alikuwa Msambweni siku hizo, akimuuguza mkwewe. Aliporudi nilimwambia miti iliingiwa na wadudu.

Kwa hiyo mjomba aliponiambia nilete mataruma, nilijua yalipokwenda, na sikusema.

Nilianza kwenye ofisi ya misitu. Karani alikuwa mpole, fomu ndiyo iliyokuwa kaidi. Ilitaka kujua ni mbao za futi ngapi. Nikamweleza kwamba nataka viwiko vitano. Akacheka, akaniomba nirudi Jumatatu. Jumatatu hakuwepo. Nilipita kando ya kaya moja, msitu wa matambiko ya wazee, nikaona ndani miti yenye kila kota ambayo mjomba aliwahi kuiota, lakini kaya haiingizwi shoka, na hata mimi, pamoja na ujinga wangu, sikuuliza. Nilizunguka mashamba ya mikorosho. Kila mwenye mti alinikaribisha chai, na kila mmoja alikuwa ameshauza matawi kwa wachoma makaa. Siku zikaenda. Dada akaendelea kubeba.

Mwishowe nilikwenda Ukunda kwa seremala, kijana wa bara mwenye mashine ya msumeno.

"Bosi, nichoree tu hiyo kona," alisema. "Nakukatia chap chap."

Alikata tano kutoka kwenye ubao mnene wa mvule, akazipiga msasa zikang'aa. Niliona zinapendeza kuliko zile za baba. Nilipanda nazo boda boda hadi Kibuyuni, nimezikumbatia.

Mjomba aliichukua moja, akaigeuza, akaitazama upande wa mwisho wake. Akaniuliza, "Mti huu ulikua wapi?"

"Ukunda."

"Ukunda kuna duka. Nimeuliza ulikua wapi."

Akailaza juu ya gogo, akaipiga kwa kisigino cha tezo pigo moja, hata si kubwa. Ilipasuka palepale kwenye kota, uzi wa mti ukachomoka wazi, umenyooka kama rula.

"Hii ingekufa wimbi la kwanza," alisema. "Pamoja na dada yako."

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu, gunia bado kichwani. Hapo ndipo nilipochoka. Nilisema yote: mitondoo, mchoma chokaa, wadudu wasiokuwapo.

"Nilijua," mjomba alisema. "Nilipita nikaona visiki. Mti wa wadudu hauna kisiki kizuri vile."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa umefurahi sana kutafuta."

Dada alitua gunia. Nilingoja anitukane, ningeona afadhali. Badala yake alimgeukia mjomba. "Mbavu za mbele na za nyuma, nazo zimeoza?"

"Zile nzima. Lakini ni fupi."

"Basi nitolee dau dogo kwa hizo."

"Utaivunja mashua ya baba?" nilisema. Sauti ilinitoka kubwa, mpaka watu waliokuwa wakianika mwani wakageuka.

"Baba hachumi mwani," alisema dada. "Na wewe huikumbuki mashua ila ukiwa mbali. Mimi naipita kila siku, na gunia kichwani."

Nilibishana. Nilisema nitakwenda Vanga, nitavuka mpaka hadi Tanga, nitapata mataruma ya kweli. Nilikuwa hata nimeshapanga njia kichwani, kama kawaida yangu. Mjomba alinitazama, akaniwekea nyundo mkononi.

"Ng'oa misumari. Usiipinde, tutaitumia tena."

Niling'oa misumari siku tatu. Mingine ilivunjika, nikaificha mfukoni. Kila ubao ulipoachia ulitoa mlio ambao sikutaka kuusikia, na nilimkasirikia mjomba, nikamkasirikia yule karani, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe kwa kufahamu mti baada ya kuukata.

Dau liliposimama mbavu tupu, dada aliingia ndani yake palepale mchangani, akaweka gunia moja mbele na moja nyuma. Akajaribu kukaa, akasogea, akajaribu tena. Nafasi ilimtosha.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe umezoea kutembea," alisema, akamwambia mjomba aanze kupigilia mbao.