Wimbo wa Mwisho Nilioukatisha

Nilikubali kuzima kinasa sauti. Ningekataa, Katibu wa vijana angenisema mbele za watu, basi. Lakini nilikuwa nimemaliza sekondari na nilitaka kazi ofisini kwake.

Lilikuwa tamasha la vijana, uwanjani Lushoto, enzi za kuanzishwa vijiji vya ujamaa. Bendi ya mdogo wangu ilipiga roki kwa magitaa ya umeme na jenereta ya kuazima. Mimi nilikaa kando ya jukwaa na kinasa sauti cha misheni ya Bumbuli, chenye utepe mmoja tu. Wimbo wa mwisho aliutunga kwa Kishambaa, kwa ajili ya marehemu mama yetu. Hakuwa ameupiga mbele ya mtu.

“Kaka, huu usikupite,” aliniambia akikaza nyuzi.

“Nasa roki wewe,” mpiga dramu akadakia, “hotuba ya mgeni rasmi tutaisoma gazetini!”

Ubeti wa kwanza ulipoisha, Katibu aliniinamia. “Zima. Utepe ukiisha kabla ya mgeni rasmi, utajieleza mwenyewe.”

“Mzee, umebaki wimbo mmoja tu.”

“Na mgeni rasmi naye ni mmoja. Zima.”

Nikazima. Mdogo wangu aliiona taa nyekundu ikizimika. Aliimba mpaka mwisho, akinikazia macho. Mimi nilikuwa naangalia barabara, wala sikusikia maneno. Ukungu ulishuka, mgeni rasmi akakwama Mombo, chini ya mlima. Hotuba haikutolewa.

“Umenikatia mama,” mdogo wangu alisema. Kesho yake akashuka Tanga na gitaa lake. Wimbo ule hakuupiga tena.

Uzeeni kwangu, vijana wa studio waliuomba ule utepe, wakausafisha, wakatoa albamu. Wimbo wa mwisho una ubeti mmoja, kisha tak, kimya. Binti wa mdogo wangu alipanda kuja kwangu.

“Shikamoo, baba mkubwa. Baada ya hapo unaendeleaje?”

Wote waliopiga bendi na baba yake wameshatangulia. Tangu siku hiyo situlii. Naurudisha wimbo mwanzo, natoka uani, narudi ndani, nausikiliza tena, kana kwamba safari hii utaendelea.

Kazi niliipata. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani ndani ya jeneza, hatukuwa tumesemezana tangu siku ya tamasha, na wimbo wa mama yetu hakuna tena anayeujua.