Asidi kwenye Redio ya Baba Mkwe

Baba yangu alikuwa fundi bati pale Iringa, na mimi nimekulia katikati ya ndoo, makarai na vibatari. Kabla sijajua kusoma nilishajua kulehemu. Unapasha moto chuma chenye kichwa cha shaba kwenye jiko la mkaa, unapaka asidi kwa unyoya wa kuku mahali unapotaka kuunga, unagusisha chuma na lehemu, nayo inayeyuka na kutembea yenyewe mpaka mwisho wa ufa. Nilipoolewa, baba alinipa chuma kimoja kidogo, kipande cha lehemu na kichupa cha asidi. Wenzangu walikwenda kwa waume zao na masufuria.

Niliolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa, miaka ile ya sabini reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa. Mume wangu alifanya kazi huko relini na kurudi mara moja moja, nami nikabaki na wazazi wake nje kidogo ya mji, upande wa Uyole. Katika nyumba ile walisali kila Jumapili, lakini desturi ya mkwe hawakuiacha. Mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hawasemeshani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamke anaingia majanini. Mzee akitaka kupita uani alikohoa kwanza, nami nilijitupa jikoni na kanga usoni. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa viatu alivyoviacha mlangoni.

Kitu kingine nilichokijua ni kwamba hakunitaka. Alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa jirani, na mwanawe akamletea mimi, Mhehe wa Iringa. Mama mkwe alinieleza hayo wazi tukimenya viazi, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Iliniuma sana. Mimi nina hasira za karibu. Ningeruhusiwa kusema naye ningemwambia yangu, aniambie yake, yaishe. Lakini unagombanaje na kikohozi?

Mzee alikuwa ameanza kupungukiwa na macho, haendi tena mbali. Dunia ilimfikia kwa redio: taarifa ya habari, bei za mazao, matangazo ya vifo. Aliisikiliza kwa sauti ya chini kabisa, sikio likiwa karibu kugusa kitambaa cha spika, maana betri zilikuwa adimu. Asubuhi moja ikanyamaza.

"Mwanangu, redio ya mzee imekufa," mama mkwe aliniambia. "Anashinda tu amekaa. Chakula chenyewe hagusi."

Nikamwambia mimi ninaweza kuitazama. Alinikagua kidogo, akaenda sebuleni, akarudi nayo. Nilipofungua kifuniko cha nyuma niliona ugonjwa mara moja: waya wa betri ulikuwa umekatika pale ulipoungwa kwenye kibati chake. Hii ilikuwa kazi ya kwetu. Nikawasha jiko, nikapaka asidi kwa unyoya, nikagusa na chuma, na redio ikasema. Siku ile nilipika nikiimba. Nilijiambia sasa atajua ameoa nani, yaani mwanawe ameoa nani.

Masika yalipoingia, redio ikaanza kukwaruza, halafu ikafa tena. Mama mkwe akaniletea. Nilipofungua nilitaka kulia. Waya ule ulikuwa umegeuka kijani, umelika, na ukijani ulikuwa umetambaa mpaka ndani ya ganda la waya. Niliugusa ukakatika mkononi mwangu kama unyasi mkavu. Na sikuwa na lehemu ya kutosha wala akili ya kujua nimekosea wapi.

Kutoka sebuleni nikamsikia mzee, ukuta ni wa matofali mabichi na hauzuii kitu: "Mwambie vitu vya watu asiguse tena." Mama mkwe akatoka, akazunguka uani, akaja jikoni, akaniambia, "Mzee anasema vitu vya watu usiguse tena." Ndiyo desturi. Nikasema nimesikia, naye akarudi kumweleza kwamba nimesikia.

Nilikwenda Iringa kuwasalimia wazazi nikiwa nimefura. Nilimweleza baba yote. Yeye alicheka mpaka akakaa chini.

"Ndoo ukishalehemu unafanya nini?" aliniuliza.

"Naiosha kwa maji."

"Kwa nini?"

"Asidi isiitoboe."

"Na redio uliiosha?"

Nimeosha ndoo maisha yangu yote bila kujiuliza ninaosha nini. Baba alisema redio yeye haijui, ila amesikia mafundi wake wanatumia utomvu wa msindano, yaani msonobari, badala ya asidi, kwa sababu ukipoa unalala tu pale, hauli kitu. Akanikatia na kipande cha lehemu.

Basi la kurudi lilisimama Mafinga, abiria wanunue chai. Mimi nilivuka barabara mpaka kwenye misindano, nikaanza kukwangua utomvu kwenye magome kwa kijiko cha chai. Utingo alinipigia kelele kwamba mama huyo ataachwa. Nilirudi na utomvu nimeufunga kwenye ncha ya kanga, na kanga ile haikutakata tena.

Nyumbani nilianza kujifunza upya, kwa vipande vya waya vilivyotupwa. Chuma cha fundi bati kwa waya wa redio ni kama mwiko wa ugali kwenye kikombe, kwa hiyo nilikizungushia waya mnene wa shaba, nikaacha ncha yake itangulie. Nilijifunza kukwangua waya mpaka ung'ae. Nilijifunza kupasha moto waya wenyewe na kuiacha lehemu iufuate, maana ukiidondosha lehemu kwenye waya baridi inakaa juu kama tone, ukivuta inabanduka. Kigumu kuliko vyote kwangu kilikuwa kutulia. Ukitikisa mkono kabla haijapoa, kiungo kinapauka na kupasuka ndani. Ukivumilia, kinang'aa. Utomvu ulitoa harufu ya mbao mpya, na harufu hiyo ilikwenda sebuleni kila siku, sina shaka.

Asubuhi moja nikasikia kikohozi. Nikajifunika, nikageukia ukutani, nikasubiri hatua zipite. Zilikuja mpaka kwenye kizingiti cha jikoni, zikasimama, zikarudi. Nilipogeuka, redio ilikuwa kizingitini. Mama mkwe alikuwa shambani. Hakuna aliyetumwa.

Nilikata waya mpaka penye shaba safi. Nilisugua kibati mpaka ukijani ukaisha wote. Nikapaka utomvu, nikapasha, nikasubiri bila kutikisa mkono. Kiungo kiking'aa huhitaji kuambiwa na mtu. Niliirudisha kizingitini, nikarudi ndani na kujifunika, kikohozi kikaja, kikaichukua.

Jioni ile mama mkwe alimpelekea chakula. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa kesho. Redio ilianza chini kama kawaida yake, halafu ikapanda. Ikapanda tena. Taarifa ya habari ikajaa uani mpaka kuku wakaguna.

"Mzee, unamaliza betri," nilimsikia mama mkwe akisema.

"Muulize kama anasikia," mzee akajibu.

Kigoda kililia, mama mkwe akianza kuinuka azunguke uani kuniletea swali. Sikumngoja.

"Nasikia, baba," nilisema kupitia ukutani.

Mzee akakohoa, na safari hii hakuwa anakwenda popote.