Siku niliyokalia kiti cha mwenyekiti, binti yake alipotaka kusilimu

Wakuu, heshima kwenu. Nimevuka miaka tisini, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu, sitii chumvi.

Enzi za Mwingereza, pale Mlowo, tulikuwa na chama kidogo cha Wakristo na Waislamu. Kanuni yetu kuu: mtu asilazimishwe dini, wala asizuiwe.

Mwenyekiti alikuwa mzee Nzunda, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Makamu wake Salum, fundi cherehani. Mimi mjumbe, mwalimu, mwanamke pekee kwenye kamati.

Basi Tusa, binti wa Nzunda, akatangaza anataka kusilimu. Alikuwa akijifunza kushona kwa mke wa Salum, akaipenda sala yao ya Kiislamu. (Watu walimtafuta mchumba aliyemponza, wakakosa.)

Baba zake wadogo wakamfungia ndani. Yeye akapenyeza habari dirishani: anaomba kamati imsikilize.

Kanisani nako wakamwambia Nzunda, ukimwachia, uzee wa kanisa basi.

Wakuu, tulijua chama ndiyo kimekufa.

Siku ya kikao Nzunda akasimama. "Leo mimi si mwenyekiti. Ni baba." Akaenda kukaa na wasikilizaji.

Salum naye akakikataa kiti, maana binti anakuja upande wake. Wote wakanigeukia mimi. Nikakikalia.

Nikamwomba Nzunda akamfungulie mwanawe aje ajisemee. Akaenda, akamleta mwenyewe.

Nikamuuliza Tusa kama kuna aliyemshawishi. Akasema hakuna. Salum akaeleza kwamba kila binti alipomjia alimrudisha nyumbani akafikiri kwanza. Tukapiga kura: asizuiwe.

Nzunda kainamia fimbo yake. Kisha akauliza, "Kahawa utakuja kuchuma?"

"Nitakuja, baba. Kwani nimehama ukoo?"

Mzee akacheka huku machozi yanamtoka. Nasi tukacheka, hata wale baba wadogo.

Salum akachinja mbuzi, tukala hadi jua linazama. Sijawahi kula nyama tamu vile.

Uzee wa kanisa walimvua kweli. Jumapili iliyofuata alikwenda vilevile, akaimba kuwashinda waliomvua.

Nilichojifunza: kanuni ni nyepesi ikimhusu mtoto wa mwenzio. Uongozi unaujua ikiingia nyumbani kwako.

Huko kwenu viongozi wanaiweza hiyo? Semeni, na wa kunipinga karibuni. Miwani ninayo, nitasoma zote.